Mkufunzi Aliyerudisha Viti

Jumapili ya Matawi mwaka huu, tulipokuwa tunatoka kanisani, simu iliita nikaambiwa kwamba Mkufunzi amefariki. Aliyenipigia ni mama mmoja afisa wa halmashauri, mmoja wa wale aliowafundisha, ambaye alipokuja kwetu mara ya kwanza alikuwa bado binti. Alisema wameshamzika huko Kibakwe, na kwamba katika kupeana taarifa sisi tulisahaulika mpaka yeye alipotukumbuka. Nilimshukuru. Mama yangu alikuwa ameshika bega langu kwa sababu ya macho yake, nikamweleza hapo hapo njiani. Akasimama kidogo. Kisha akauliza, "Alilala vizuri?"

Nikasema sijui, sikuuliza.

Simfahamu Mkufunzi kama ndugu zake wanavyomfahamu. Alizaliwa wapi, alisomea wapi, hakusema na mimi sikuuliza. Nina yale niliyoyaona nyumbani kwetu, upande wa Chamwino, ndani kidogo ukiiacha barabara kuu. Huko ndiko kwa miaka mingi alikowaleta maafisa wa serikali waje kujifunza kazi. Mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo sitajaribu kueleza masomo yao. Nilivyoelewa, walikuwa wanafundishwa kuendesha mpango wa kusaidia kaya maskini: namna ya kuupanga, namna ya kuzijua kaya zenyewe, namna ya kusimamia bila kupendelea mtu. Nusu ya masomo ilikuwa ukumbini Dodoma mjini, na nusu nyingine ilikuwa uani kwetu. Sisi tulikuwa nyumba ya mazoezi.

Nikimkumbuka, linalokuja kwanza ni joto. Saa za mchana kule kwetu ardhi huonekana kama inapumua, na magari yao yalipotokea mbali yalikuwa yanaelea, hayana magurudumu, kama yanapita juu ya maji ambayo hayapo. Mtu ungeweza kusimama mlangoni ukayatazama muda mrefu bila kujua yanakuja au yanakwenda. Halafu ghafla yapo, vumbi limetuingia puani, milango inafunguliwa, na yeye anateremka wa mwisho, mrefu, mabega yameinama, amevaa kaunda suti ya rangi ya jivu. Kabla ya kutusalimu alikuwa anatazama kwanza mbwa yuko wapi. Alikuwa mwoga wa mbwa. Tulikuwa na kimbwa kimoja kisicho na meno ya maana, naye alikuwa anakizungukia mbali kama simba.

Mara ya kwanza wanakuja, mtendaji wa kijiji alitujulisha siku moja kabla kwamba kutakuwa na wageni kutoka mjini. Mama alifanya linalofanywa. Alifagia uwanja, akanituma kwa jirani yetu, Mama Neema, kuazima viti vya plastiki, vikombe, na kitambaa cha kutariza cha kutandika mezani. Meza yenyewe pia ilikuwa ya Mama Neema. Sisi tulikuwa na kigoda kimoja cha ngozi ya ng'ombe, alichokiacha marehemu baba, na ngozi ile ilikuwa imelegea katikati. Mama alikificha nyuma ya mlango.

Maafisa wakaketi, wakaanza kuuliza na kuandika. Waliandika kwamba kaya ina viti, ina meza, ina vyombo. Niliwaona wanatazamana kama watu waliokuja nyumba isiyo yenyewe. Mkufunzi alikuwa amekaa pembeni, amefumba macho. Walipomaliza, alifumbua macho akamwuliza mama kwa upole kabisa, "Mama, viti hivi ni vizuri. Huwa mnavikalia nyinyi?"

"Ni vya wageni, baba."

"Na wageni wasipokuwepo, vinakaa wapi?"

"Vinakaa kwa mwenyewe," mama alisema, bila aibu yoyote, kwa maana hakuona ameficha kitu. Mgeni haketi chini. Kila mtu anajua hivyo.

Hakuwageukia wanafunzi wake kuwasema. Alimwomba mama aonyeshwe ni kwa nani, akainuka, akakibeba kichwani kile kiti alichokuwa amekalia, akaanza kutembea. Wale maafisa wakabaki wanashangaa, kisha mmoja akabeba chake, na mwingine chake, mpaka wote wakawa wamejipanga kwenye njia ya kwenda kwa Mama Neema wakiwa na viti vichwani na meza katikati yao. Watoto wa kijiji walicheka mpaka wakakaa chini. Mama Neema alitoka ndani akasema, "Jamani, serikali inahama?"

Tangu hapo ikawa desturi. Kila darasa jipya lilipokuja, mama aliazima viti, maafisa walikosea, kisha wakavirudisha. Nilimwuliza Mkufunzi kwa nini asiwaambie mapema. Akasema, "Nikiwaambia, watakijua kiti. Nataka waibebe ile njia." Sikumwelewa vizuri, na mpaka leo sina hakika kama nimeelewa. Ila ninaiona ile safu ya watu na viti vyeupe vichwani, jua likiwa nyuma yao, na huwa naiota.

Hiyo ya kufumba macho ilikuwa tabia yake. Mtu akisema, hasa mzee, yeye alifumba macho na kidevu kikashuka kifuani. Maafisa vijana walikonyezana. Kijana mmoja aliwahi kumnong'oneza mwenzake, "Posho tunapewa sisi, usingizi anapata yeye." Mkufunzi, macho yamefumbwa vile vile, akasema, "Bibi amesema mtama uliliwa na ndege kwa sababu hakuwa na mtu wa kuinga. Wewe umeandika ukame. Futa." Mama, ambaye siku zile macho yalishaanza ukungu na hakuweza kuona vizuri sura ya mtu aliyeketi mbele yake, alikuwa ananigusa na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Anasikiliza au amelala?" Nami namjibu, "Anasikiliza."

Hakuwa mtu mpole siku zote. Kulikuwa na afisa mmoja aliyefunua kifuniko cha kihenge chetu cha nafaka bila kuuliza, akachungulia ndani, akatikisa kichwa. Mkufunzi alimtoa nje ya uwanja, mpaka njiani, akamwambia aanze upya. Yule bwana akapiga hodi. "Karibu," mama akasema. Akataka kwenda tena kwenye kihenge. "Na hapo piga hodi," Mkufunzi akasema. Mtu mzima, ana tai shingoni, akasimama mbele ya kihenge akapiga hodi, na mama, kwa kumhurumia, akakijibia kihenge: "Karibu, baba, ingawa hakuna kitu."

Yeye mwenyewe alivunja sheria zake, lazima niseme. Aliwakataza maafisa wasile kwenye kaya wanazozipima, lakini harufu ya mlenda ilimshinda. Alikuwa anakaa jikoni kwetu, ugali wa uwele mkononi, na wanafunzi wakichungulia anasema, "Huu ni ukaguzi." Aliwahimiza kuheshimu muda wa wanakijiji, naye alichelewa kila mara. Majina hayakumkaa. Mimi aliniita Binti wa Nyumba tangu nikiwa msichana mpaka nilipokuwa na watoto wangu.

Mara moja alinipeleka mjini, ukumbini. Ndani kulikuwa na baridi ya mashine, nikajifunga khanga mabegani. Aliniketisha mbele na dodoso lao, akawaambia darasa kwamba leo Binti wa Nyumba ndiye atakayewauliza. Nilisoma kama lilivyoandikwa: jana katika nyumba yako mmekula mara ngapi? Choo chenu kina mlango? Kuna mtu ndani anayelala bila kushiba? Walicheka mwanzoni. Kisha dada mmoja akasema hilo la kula ni mambo ya ndani ya nyumba yake, haoni sababu ya kulisema mbele za watu. Mkufunzi akasema, "Sawa. Endelea, binti." Kijana mmoja nyuma, mnyamavu, akajibu kwamba yeye jana hakula, pesa ya kujikimu ilikuwa haijatoka na nauli ilimmalizia zote. Hapo hakuna aliyecheka. Mimi ndiye niliyeona aibu, nikaishusha ile karatasi. Wakati wa chai nilimwona Mkufunzi amekaa na yule kijana, amemsogezea sahani yake ya maandazi, ameyafumba macho.

Sasa lazima niseme jambo ambalo kwa miaka kadhaa liliniuma, na ambalo lilimhusu yeye.

Mama alikuwa anaponda kokoto. Tangu serikali ilipohamia Dodoma watu wanajenga kila mahali, na malori yanafika mpaka kwetu kununua. Alikuwa anakaa kando ya barabara, karibu na kalavati, na nyundo na rundo la mawe. Macho yakiwa na ukungu, nyundo haichagui. Kucha zake ziling'oka, kidole kimoja kikapinda kikabaki hivyo. Alikuwa ananiambia halioni jiwe, anaona giza tu lenye umbo la jiwe, na analipiga. Nilitaka kitu kimoja tu: aingizwe kwenye mpango, apate cha kumwezesha kuiacha ile nyundo.

Mkutano wa kijiji ulipoitishwa, wenyewe, wa kweli, si wa mazoezi, watu waliombwa wazitaje kaya zinazostahili. Mtu alimtaja mama. Fundi baiskeli akainuka akasema, "Nyumba ya magari ile? Jamani. Hakuna mwezi hayajafika. Wale wana lao na serikali, tuwaachie wengine." Watu wakacheka, wakakubali. Mama Neema siku ile alikuwa amempeleka mtoto zahanati. Mama alikuwepo, amekaa na wanawake wenzake. Tuliporudi alipitia kwanza kwenye kokoto.

Magari yale hayakuwahi kutuletea kitu. Ilikuwa sukari kidogo, sabuni, na asante nyingi. Kwa kutufanya darasa, Mkufunzi alikuwa ametufanya tuonekane tumeshiba.

Alipokuja tena nilimvuta pembeni nikamweleza. Alifumba macho pale pale amesimama. Nilingoja aseme atakwenda kwa mwenyekiti, au atapiga simu kwa wakubwa wake. Wanafunzi wake walikuwa wameenea wilaya nzima, neno lake moja lingetosha.

"Watu walisema wenyewe?" akauliza.

"Walisema wenyewe."

"Hakuna mtumishi aliyewaingilia?"

"Hakuna."

"Basi mkutano ulikuwa mzuri," akasema.

Nilimwacha amesimama. Siku ile sikumpikia. Nilimsikia anawafundisha wanafunzi wake uani, sauti ya chini kuliko kawaida, kwamba mtumishi akitia neno lake katika mkutano wa kijiji, hata liwe neno jema, kesho atakuja mwingine na neno baya na mlango atakuta uko wazi. Nilikuwa nimeyasikia hayo mara nyingi na kuyaona ni mazuri. Siku ile niliyachukia. Jioni, kabla ya kuondoka, alikuja mlangoni akamwambia mama, "Kuna mkutano wa mapitio ya orodha utakuja, mama. Ukifika, nitakuwepo."

"Haya, baba," mama akasema. "Mwende salama."

Baada ya hapo aliyaacha magari barabarani, akawa anawatembeza maafisa kwa miguu mpaka kwetu. Kisha hakuja kabisa. Kijijini walisema tumegombana, na labda ni kweli, kwa maana sikumtafuta. Miaka ilipita kama inavyopita kiangazi, huoni siku inayokwisha. Mvua moja ilikataa, nyingine ikaja yote kwa pamoja na kuondoka na mbegu. Niliota mara kadhaa kwamba magari yanakuja yakielea, nasimama mlangoni kuyangoja, na hayafiki.

Mkutano wa mapitio ulikuja. Watu walikusanyika kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Mama alikataa kuja safari hii. Alisema ameshasikia kicheko kimoja, kinamtosha, akaenda kwenye kokoto zake. Mkutano ulikuwa umeshaanza nilipomwona mtu anakuja kwa miguu kutoka barabarani, mrefu, amekonda, ana fimbo. Kaunda suti ilikuwa ile ile na yeye alikuwa ameipungukia. Alikuja na basi. Bila shaka alikuwa amechelewa.

Alimwomba mwenyekiti nafasi kama mgeni. Akasimama mbele, akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa," watu wakajibu.

"Nimestaafu. Si mtumishi tena, kwa hiyo leo ninaweza kusema. Mnanijua, ndiye niliyekuwa naleta magari kule kwa mama. Magari yale yalileta wanafunzi wangu. Hayakuacha kitu. Tulikuwa tunakuja kujifunza, tunakula mlenda wake, tunaondoka. Sisemi apite wala asipite, hilo ni lenu. Nilitaka tu mjue magari yalikuwa ya nani." Akasita kama aliyesahau neno. "Sasa naondoka, ili mseme vizuri."

Akaondoka kweli. Watu walimtazama mpaka akaivuka mitaa ya mwisho kuelekea kwenye kalavati.

Fundi baiskeli ndiye aliyeanza. Hakuwa mtu mbaya, alitaka kuelewa. "Kwa hiyo miaka yote ile walikuwa wanapewa nini?"

Mama Neema akainuka. "Walikuwa wanapewa viti vyangu," akasema. "Na mara moja vimerudi kimoja kimevunjika mguu, muulizeni mwenyekiti, alikuwepo."

Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko kingine. Mwenyekiti akauliza. Mikono ikainuka, na wa fundi baiskeli ukiwemo.

Nilikwenda mbio. Mkufunzi alikuwa ameketi juu ya kalavati, na mama upande wa pili wa barabara, na nyundo yake. Walikuwa hawajasemeshana. Nadhani mama hakuwa amemtambua. Kwake alikuwa giza lenye umbo la mtu. Nilimkimbilia yeye kwanza kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Akainua mkono.

"Mama ameshaambiwa?"

"Bado."

"Nenda kwa mama."

Nilivuka. Nikachuchumaa, nikamwambia mama kwamba amepita, wote wamekubali. Nyundo ilikuwa hewani. Aliishusha taratibu, si juu ya jiwe, akailaza ubavuni mwake.

"Ni nani yule pale?" akauliza.

"Mkufunzi."

Mama akajifuta mikono, akaniomba nimwinue. Tukavuka tena. "Shikamoo, mama," Mkufunzi akasema, ingawa umri wao haukupishana sana. Alikuwa anamwamkia hivyo tangu zamani, mbele ya wanafunzi wake. Mama akaitikia marahaba. Kisha akasema, "Twende nyumbani. Umechoka, nasikia unavyopumua."

Tulitembea polepole, mama ameshika bega langu, yeye na fimbo yake. Hakuniuliza kama bado nimekasirika, na mimi sikumwomba radhi. Jua lilikuwa limeanza kulegea na kila kitu kilikuwa na rangi ya asali, hata mavumbi. Tulipofika uwanjani akatazama kama kawaida mbwa yuko wapi. Nikamwambia alishakufa.

"Oh," akasema. "Pole." Na akaonekana kama amempoteza rafiki.

Nikageuka kwenda kwa Mama Neema.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Kuazima kiti."

"Cha nini? Huyu si mgeni."

Akapapasa nyuma ya mlango, akatoa kigoda cha baba, chenye ngozi iliyolegea, akakiweka kwenye kivuli cha ukuta. Mkufunzi akakitazama. Miaka yote ile hakuwahi kukiona. Akaketi, magoti yakapanda karibu na kidevu, akanyoosha mguu mmoja, akauegemea ukuta. Mama akaketi chini karibu naye, akaanza kumsimulia habari za mvua iliyokuja yote kwa pamoja na kuondoka na mbegu. Mimi nikawasha moto nichemshe mlenda.

Aliyafumba macho. Kidevu kikashuka kifuani. Mama akaendelea kusema, kisha akageuza uso kunitafuta.

"Anasikiliza au amelala?" akauliza kwa sauti ndogo.

Niliacha moto, nikasogea nikamtazama vizuri. Mkono ulikuwa umeiachia fimbo, na kifua kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu.

"Amelala," nikasema.

Mama akaweka kidole mdomoni, akanionyesha nikae.